Makao ya wazee Dar: fedha ya kuzuia maambukizi iende kwenye ukaguzi au kwenye mafunzo?

Swali hili hurudi kila bajeti inapoandikwa. Chukua makao yenye wazee 24, wahudumu tisa wa zamu tatu, mpishi, mfuaji, na mlinzi ambaye usiku hugeuka mhudumu wa kumi. Kamati imepata fedha kidogo. Nusu ya wajumbe wanataka mkaguzi aje kila mwezi, nusu nyingine wanataka semina. Wote wana hoja, na wote wanaweza kuimaliza fedha yote bila mzee hata mmoja kupungukiwa na kuhara.

Kabla ya kuchagua, tafuta kwanza kwa nini kosa linatokea. Mhudumu anayemlisha bibi bila kuosha mikono yuko katika hali moja kati ya tatu: hajui, hana, au anajua na anacho lakini hafanyi. Mafunzo humsaidia yule wa kwanza tu. Wa pili anahitaji maji, sabuni na ndoo yenye koki. Ukimpa somo unamwongezea aibu tu. Wa tatu ndiye wa ukaguzi, tena si kila ukaguzi. Mabishano mengi ya kamati huisha hapo, mtu mmoja akikubali kukaa siku mbili na daftari kuhesabu nani yuko kundi gani.

Hivi ndivyo njia hizi mbili zinavyosimama zikiwekwa pamoja:

| Kigezo | Ukaguzi | Mafunzo |
|---|---|---|
| Hutibu nini | Kulegea, mazoea mabaya, tatizo ambalo wenyeji wamelizoea hadi hawalioni | Kutojua, kukosea vipimo, kutotambua dalili |
| Matokeo huonekana lini | Siku ileile, kisha hufifia mkaguzi akishatoka getini | Polepole, na hupotea wahudumu wakihama |
| Gharama iko wapi | Muda wa mtu mmoja anayejua kutazama | Muda wa watu wote, na nani abaki na wazee |
| Nani huachwa nje | Zamu ya usiku | Mfuaji, mpishi, mlinzi, mwajiriwa mpya |
| Huharibika vipi | Watu huficha, madaftari hupikwa | Semina ya posho, cheti bila ujuzi |
| Haiwezi kabisa | Kuufundisha mkono kazi | Kuleta maji bombani |

Ukaguzi: wa nani, na wa namna gani?

Neno ukaguzi linabeba vitu vitatu tofauti, na bei zake hazifanani.

Wa kwanza ni ukaguzi wa mamlaka. Dar es Salaam, afisa afya wa halmashauri ana nguvu ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 kuangalia vyoo, jiko, taka na maji. Afisa ustawi wa jamii huja kwa upande wa malezi na haki za mzee. Hawa huoni sababu ya kuwalipia, ni wajibu wao, na makao yasiyowaona kwa mwaka mzima yaandike barua kuwaalika. Lakini afisa mmoja ana kata nzima ya magenge, mabucha na shule. Hawezi kukaa saa nzima kando ya kitanda akitazama mikono ya mhudumu, na mikono ndiyo njia kuu ya vimelea kutoka kwa babu huyu kwenda kwa yule.

Ukaguzi wa aina hii ukibaki peke yake, tunajua unaishia wapi, kwa sababu Marekani wameujaribu kwa kiwango kikubwa. Tangu sheria yao ya 1987, makao ya wazee yanayopokea fedha za serikali kuu lazima yakaguliwe ndani ya kila miezi 15. Mwaka 2020 GAO, taasisi inayofuatilia kazi za serikali yao, ilichambua ukaguzi wa 2013 hadi 2017: asilimia 82 ya makao yalikutwa na kasoro ya kuzuia maambukizi angalau mara moja, na karibu nusu ya hayo yalikutwa na kasoro hizo miaka inayofuatana. Mkaguzi alikuja, akaandika, akaondoka, akarudi, akaandika tena. Kasoro karibu zote ziliwekwa kwenye daraja la zisizo kali, hivyo adhabu ilikuwa nadra. Kisha Februari 2020 korona ikaingia kwenye makao ya Kirkland, jimbo la Washington. Hadi katikati ya Machi watu 167 walikuwa wamehusishwa na mlipuko ule, wakiwemo wakazi 101 na wahudumu 50. Uchunguzi ulitaja wahudumu waliokuja kazini wakiwa wagonjwa, waliofanya kazi kwenye makao zaidi ya moja, na wasiozoea vifaa vya kujikinga. Mambo hayo matatu huyaoni ukikagua jengo.

Aina ya pili ni ukaguzi wa kushtukiza unaofanywa na kamati au mfadhili. Una faida moja: huiona siku ya kawaida. Ule wenye taarifa hutimiza msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone. Asubuhi hiyo sabuni inaonekana kila beseni, sakafu inanukia dawa, na taulo la wote lililoning'inia miezi sita limetoweka. Hasara yake ni hofu. Mhudumu akishaona mwenzake amekatwa mshahara kwa sababu ya kinyesi kwenye shuka, mzee wa pili akihara hataandika popote. Kwenye makao, ugonjwa unaofichwa siku mbili ndio unaojaza vitanda.

Ya tatu ndiyo tungeilipia: usimamizi shirikishi. Mtu anayejua kazi, mara nyingi muuguzi wa kituo cha afya cha jirani au aliyestaafu, anakuja mara mbili kwa mwezi, anatazama, anahesabu, anarekebisha palepale na kuacha mambo mawili au matatu ya kushughulikia kabla hajarudi. Watumishi wa afya Tanzania wanaifahamu njia hii. Tathmini ya nyota ya vituo vya afya ya msingi, iliyoanza 2015/16 na kurudiwa 2017/18, haikuishia kutoa nyota sifuri hadi tano. Kila kituo kiliachiwa mpango wa kuboresha. Nyota bila mpango ingekuwa pambo la ukutani.

Kuhesabu kilichopo badala ya kuuliza

Ukimuuliza mhudumu kama huosha mikono, atasema ndiyo. Mtazame. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mtu, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mtu, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kaa pembeni dakika 20, usifuatilie zaidi ya watu watatu kwa wakati mmoja. Kila fursa, yaani mojawapo ya nyakati hizo tano, ikijitokeza piga mstari, na mikono ikisafishwa zungushia. Makao madogo yakipata fursa 50 kwa wiki yanatosha kuanzia. Walioosha gawanya kwa fursa, zidisha kwa 100. Mara 18 kati ya 50 ni asilimia 36, na hiyo ndiyo namba ya kubandika jikoni, bila majina.

Namba ya siku ya kwanza itadanganya, maana mtu akitazamwa hubadilika. Hospitali moja ya Toronto ilipolinganisha vitoa dawa vya mikono vilivyokuwa machoni pa mkaguzi na vile asivyoviona, vya machoni vilitumika karibu mara tatu zaidi. Dawa yake ni kuja mara nyingi hadi uonekane kama samani. Pili, pima matumizi. Sabuni haina aibu. Kitakasa mikono hutumika kama mililita 3 kwa mara moja. Wazee 24, kila mmoja akiguswa kwa namna inayodai kusafisha mikono mara 10 tu kwa siku, ni mara 240, yaani mililita 720 kwa siku, zaidi ya lita 21 kwa mwezi. Makao yanayonunua lita tano kwa mwezi na kuripoti utekelezaji wa asilimia 90 yana tatizo la hesabu.

Usafi wa vyumba nao una mbinu yake rahisi. Sabuni nyingi za unga za kufulia zina kemikali ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo hung'aa chini ya taa ya zambarau, ileile ambayo wakala wa pesa huitumia kukagua noti bandia. Koroga kidogo kwenye maji, pakaza alama ndogo sehemu 15 kabla ya usafi: reli ya kitanda, swichi, kitasa, mkono wa kiti cha magurudumu, koki, kamba ya pazia, ukingo wa kiti cha choo. Zikikauka hazionekani. Jaribu sabuni yako kwanza, maana si zote hung'aa. Baada ya usafi rudi na taa. Mara nyingi sakafu imetendewa haki na reli za vitanda hazijaguswa, kwa kuwa neno usafi kwa wengi maana yake ni kupiga deki. Kosa hilo ni la kundi gani? Hajui. Kwa hiyo hapa ukaguzi umekuletea mada ya somo, na hukuhitaji mtaalamu wa gharama kuigundua.

Namna ya kurudisha majibu huamua kila kitu. Karipio mbele ya wakazi huua ukaguzi wa miezi sita ijayo. Afadhali: "Dada, nimeona uliosha mikono kabla ya kumfunga bibi kidonda, vizuri. Ulipotoka kumbadilisha babu ulikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya uji. Kilikukwamisha nini?" Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha hajui, hana na hafanyi. Jibu huwa la kushangaza: koki iko ng'ambo ya ua, au sabuni imefungiwa kwenye kabati la meneja kwa sababu huibwa.

Tahadhari moja kwa mkaguzi mwenyewe: anayezunguka makao matatu kwa siku anaweza kuwa ndiye anayesambaza. Akiwa na kikohozi au tumbo, aahirishe. Mikono mitupu hadi kwenye viwiko, saa na pete zibaki kwenye mkoba.

Mafunzo: semina ni ya nani?

Semina ya siku mbili hotelini ina chai, vitini na picha ya pamoja. Anayekwenda ni meneja au muuguzi mkuu, kwa sababu mwaliko ulimtaja yeye, na kwa sababu kuna posho. Anayebaki ni mfuaji, ambaye ndiye anayekumbatia shuka zenye kinyesi kifuani. Slaidi zimeandikwa kwa lugha ambayo mfuaji haisomi. Baada ya miezi mitatu wahudumu wawili wamepata kazi kwingine na waliokuja badala yao hawajawahi kusikia chochote. Hatusemi semina hazifai kabisa. Humfaa yule mmoja atakayekuwa msimamizi wa kinga na udhibiti wa maambukizi, mradi arudi na ratiba ya kuwafundisha wenzake.

Mafunzo yanayobadili mikono ni mafupi, ya kitandani, na hurudiwa. Dakika 30 wakati wa kupokezana zamu, ujuzi mmoja tu, mkufunzi anaonyesha, kisha kila mtu anafanya mbele yake. Asiyefanya hajafundishwa, hata kama amesaini. Fanya mara mbili, asubuhi na jioni, ili zamu ya usiku isikose. Mwajiriwa mpya apate saa mbili kabla ya zamu yake ya kwanza. Kwa somo la mikono, vaa glovu, fumba macho, mimina rangi kidogo ya chakula na "nawa": vidole gumba na ncha za vidole hubaki vyeupe karibu kila mara. Kunawa kwa sabuni na maji kunachukua sekunde 40 hadi 60, kitakasa sekunde 20 hadi 30. Wengi wakipimwa kwa saa wanakuta wanamaliza katika sekunde nane.

Somo linalokosewa zaidi ni klorini, na ni kosa la kutojua tupu. "Mwaga Jik kidogo" si kipimo. Soma asilimia kwenye chupa kwanza, kwa sababu chapa hutofautiana. Kwa dawa ya asilimia 3.5:

- Damu, matapishi, kinyesi: asilimia 0.5, yaani sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji. Lita moja ya dawa na lita 6 za maji.
- Reli, vitasa, meza, viti vya choo: asilimia 0.1, yaani sehemu 1 kwa 34. Kwa ndoo ya lita 10, mililita 300 hivi.

Ukitumia klorini ya unga iitwayo HTH ya asilimia 70, gramu 7 kwa lita zinakupa ile kali ya 0.5. Pima kwa kikombe chenye alama, kibaki kimefungwa kwenye ndoo kwa kamba, maana kifuniko cha chupa hakina ukubwa mmoja. Andika kwa maka kwenye ndoo hadi wapi maji yafike.

Kisha makosa yenyewe. Klorini humalizwa nguvu na uchafu, kwa hiyo matapishi hufutwa kwanza kwa tambara la kutupa, pakaoshwa kwa sabuni, ndipo dawa ikakaa dakika 10. Anayemwaga dawa juu ya uchafu na kufuta hapohapo amesambaza uchafu wenye harufu nzuri. Mchanganyiko wa jana utupwe. Jua na joto huuvunja, na stoo ya bati ya Temeke mwezi wa Februari huidhoofisha hata chupa ambayo haijafunguliwa, basi angalia tarehe ya mwisho na uhifadhi kivulini. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, hewa inayotoka huumiza mapafu, na ya mzee ndiyo ya kwanza. Usimpulizie mtu. Na kitakasa cha spiriti kikae mbali na jiko la mkaa.

Magonjwa matatu, maamuzi matatu

Upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozini, ndio unaoonyesha vizuri kwamba njia moja haitoshi. Mtu aliyeupata kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki nne hadi sita, na muda wote huo anaambukiza. Mkaguzi wa kila robo mwaka atakuta hakuna kitu, akirudi atakuta chumba kizima kinajikuna. Hapa mafunzo yanatangulia: mfundishe anayemwogesha mzee kuangalia katikati ya vidole, vifundo vya mikono kwa ndani, kiunoni na makwapani, na kuripoti mwasho wa usiku. Ngozi ya mzee dhaifu inaweza kukosa mwasho ikajaa magamba, na mtu mmoja wa aina hiyo hubeba wadudu wengi ajabu. Wengi hudhani ni ukavu wa ngozi na kumpaka mafuta ya nazi.

Tiba ikianza, ukaguzi ndio unaookoa. Daktari ndiye anayechagua dawa; ikiwa ni krimu ya permethrini ya asilimia 5, hupakwa mwili mzima, kwa wazee pamoja na kichwa na uso bila kugusa macho, ikakaa saa 8 hadi 14, na kurudiwa baada ya wiki moja hivi. Inashindikana kwa sababu zilezile: wakazi walipakwa Jumatatu na wahudumu Alhamisi, mhudumu aliyelala kwake Mbagala na watoto hakupewa ya nyumbani, mzee alinawa mikono kabla ya kula na hakuna aliyempaka tena, dozi ya pili ilisahaulika mwasho ulipopungua, au ilirudiwa mara tano kwa sababu mwasho uliendelea, ambao unaweza kudumu wiki kadhaa hata wadudu wakishakufa. Msimamizi anahitaji karatasi moja tu: majina yote, wakazi na wafanyakazi, tarehe ya dozi ya kwanza, tarehe ya pili, aliyepaka. Wadudu hawamalizi siku nyingi nje ya mwili, mbili au tatu, hivyo blanketi lisilofulika kwa maji moto lifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku saba.

Kuhara ni habari nyingine. Dar imeshazoea kipindupindu, mlipuko mkubwa wa Agosti 2015 ulianzia hapahapa jijini, na masika yakijaza vyoo vya shimo kila makao yanapaswa kuwa na mpango. Lakini si kila kuhara ni kipindupindu. Baadhi ya virusi vya kuhara havisikii sana spiriti. Kwa mgonjwa wa kuhara mikono inaoshwa kwa sabuni na maji. Wahudumu waliofundishwa miaka ya korona kwamba kitakasa kinamaliza yote wanahitaji somo la kusahihishwa. Kanuni ya zamu iwe fupi: wakihara wawili ndani ya saa 48, simu inapigwa kituo cha afya, wagonjwa wanapewa choo chao, anayewahudumia haingii jikoni, na mfanyakazi aliyeugua anarudi saa 48 baada ya choo chake kutengemaa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayovunjika. Anayelipwa kwa siku hawezi kukaa nyumbani siku mbili bila malipo, kwa hiyo atakuja na kunyamaza. Huo ni mfano wa "hana", na wala somo wala mkaguzi hauponyi. Unaponywa na mstari mmoja wa bajeti.

Maambukizi ya mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo, hayahitaji maelezo marefu. Swali la kwanza ni kama mzee bado anauhitaji mpira huo. Uulizwe kila siku na muuguzi, maana mingi huachwa kwa kuwa inapunguza kufua. Mfuko ukae chini ya kibofu, usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili, na kila mzee awe na chombo chake cha kumwagia. Mkaguzi anayaona haya yote kwa dakika tano akitembea kati ya vitanda, kwa hiyo ni kazi ya ukaguzi. La mafunzo ni moja: mkojo wenye harufu au wenye bakteria kwenye kipimo, mzee akiwa hana homa wala maumivu, kwa kawaida si sababu ya antibiotiki. Na homa ya mzee ni ndogo, nyuzi 37.8 kwa kipimo kimoja cha mdomoni tayari ni homa, hata kama kijana angeendelea kucheza kandanda.

Fedha ikitosha njia moja tu

Makao mapya, au yenye wahudumu wengi wasiopitia chuo: anza na mafunzo, lakini tenga siku mbili za kuhesabu kabla ya somo la kwanza. Bila namba ya mwanzo hutajua kama ulinunua kitu.

Makao ya muda mrefu, yenye wauguzi waliosomea, ambako vyeti vimejaa ukutani na kuhara hakuishi: usinunue semina nyingine. Hawa wanajua. Lipia usimamizi shirikishi miezi sita, pamoja na zamu za usiku.

Makao ambayo maji hukatika siku tatu kwa wiki: vyote viwili vingoje. Nunua tangi, ndoo zenye koki kila mlango, na sabuni ya mche iliyokatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye kisahani kinachochuja maji. Hospitali ya chuo kikuu ya Geneva, ambayo hutajwa sana kwenye jambo hili, ilipandisha usafishaji wa mikono kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997, na maambukizi ya hospitalini yakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Wengi hukumbuka mabango yao na vipimo vya mara mbili kwa mwaka. Wanasahau kwamba dawa ya mikono iliwekwa kando ya kitanda.

Makao ya familia au ya parokia yenye wazee chini ya kumi hayahitaji chombo kikubwa cha tathmini kama IPCAF ya Shirika la Afya Duniani, chenye vipengele vinane vya alama 100 kila kimoja; kilitungwa kwa hospitali. Karatasi ya maswali kumi na tano inatosha, na kwa wanaofahamu 5S ya vituo vyetu, ile mbinu ya kupanga mahali pa kazi, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, anzieni kabati la vifaa. Humo ndimo glovu zinapokosekana huku zimejaa.

Kwa makao mengi ya kawaida ya Dar mgawanyo ambao tungeutetea ni huu: kati ya kila shilingi kumi, tano kwa vifaa na maji, tatu kwa usimamizi shirikishi, mbili kwa mafunzo ya kitandani. Mafunzo yamepewa kidogo kwa sababu yakifanywa kwenye zamu ni rahisi, si kwa sababu hayana maana. Wiki ya kwanza kuhesabu, wiki ya pili hadi ya nne vifaa na masomo manne, kisha kuhesabu tena mwisho wa mwezi wa pili na wa nne, mtu yuleyule, saa zilezile, karatasi ileile.

Mwezi wa nne namba ikiwa bado asilimia 36, usiite mkufunzi tena wala usitishe mtu. Chukua saa, simama kando ya kitanda cha mbali zaidi, na uhesabu hatua hadi kwenye koki ya karibu. Zikizidi kumi na tano, umepata jibu.